Aliyehama Kabla ya Dawa Kwisha

Miongoni mwa Wajaluo, mwanamume anayetoka katika boma la baba yake kwenda kufungua boma lake mwenyewe haendi peke yake. Mzee wa ukoo hutangulia. Mwanawe wa kiume wa kwanza hufuata na shoka begani, mwenye boma hubeba jogoo, na mke hubeba moto aliouchukua katika jiko la zamani. Wakishaingia, hawalali kwingine mpaka wazee waseme kwamba boma limekaa. Zadock Oriwo, fundi wa plau katika soko la Rongo, aliishika kanuni hii bila kuipunguza hata kidogo. Wako watu wanaomsifu kwa hilo hadi leo. Mimi simsifu, na nitaeleza sababu.

Zadock alikuwa mtu mwema. Lazima niseme hivyo kwanza, maana kisa cha mtu mbaya hakimfundishi mtu yeyote. Kila msomaji hujiambia kwamba yeye si huyo. Karakana yake ilikuwa mabati machache juu ya nguzo, nyuma ya mnada wa ng'ombe. Alinyoosha ncha za plau zilizopindwa na mawe, akafua minyororo ya kuvutia na vyuma vya nira. Mteja akiambiwa aje Jumatano, Jumatano kazi yake ilikuwa tayari. Ijumaa jua likianza kuteremka alizima moto, kwa sababu alikuwa Msabato, na hakumwashia mtu yeyote mpaka Sabato ipite. Msimu mmoja wa kulima, chifu mwenyewe alikuja Ijumaa jioni na plau iliyovunjika.

"Zadock, mvua haijui Sabato," chifu alimwambia.

"Mvua haijabatizwa, bwana chifu. Mimi nimebatizwa."

Waliokuwapo walicheka, na chifu akarudi Jumapili kama mtu mwingine yeyote. Jibu hilo lilirudiwa sokoni kwa muda mrefu. Nadhani ndilo lililomharibu. Mtu akishangiliwa sana kwa kukataa, huanza kuamini kwamba kukataa ndiko uadilifu wenyewe.

Alikuwa na mke mmoja, Benta, binti wa wavuvi wa kisiwa cha Rusinga. Mimba mbili ziliharibika kabla hawajapata mtoto wa kiume, Japheth. Waliishi katika boma la baba yake Zadock, ambaye alikuwa amekwisha kufa, pamoja na mdogo wake Nicanor. Huyu Nicanor alichuuza samaki kwa baiskeli kutoka Homa Bay hadi Migori, alikuwa na mke na watoto, na mdomo wake haukujua kupumzika. Alitaka sana kufungua boma lake. Lakini mdogo haruhusiwi kutangulia mkubwa. Mabati aliyonunua yalikuwa chini ya ghala, yakianza kushika kutu, naye akimngoja kaka yake ahame.

Mwaka 1967, Japheth akiwa na miaka minne, alianza kukohoa. Dresa wa zahanati alisema ni kifua kikuu. Hakuna wa kumlaumu: katika South Nyanza nzima, mtoto akikohoa na kukonda, mara nyingi huwa hicho. Mtoto alichomwa sindano kila asubuhi mpaka makalio yakawa magumu kama ngozi ya ngoma, na kikohozi hakikuondoka. Upande wa kulia wa kifua ukaacha kupanda alipovuta pumzi. Majirani walinong'ona kwamba ni *chira*, ule ugonjwa wa kukonda unaomfuata mtu ambaye nyumba yake imevunja mwiko.

"Kaka, umekalia zamu yangu," Nicanor alimwambia Zadock karakanani, mbele ya wateja. "Umelala njiani kama ng'ombe mzee, na sisi wa nyuma hatuna pa kupita. Hata mwanao anakohoa kwa sababu ya vumbi la boma la marehemu."

"Nitahama mtoto akipona."

"Na akipona mwaka ambao mabati yangu yamekuwa chungio?"

Wateja walicheka tena. Safari hii walimcheka Zadock.

Benta ndiye aliyemchukua mtoto mpaka hospitali ya Homa Bay. Huko walimpiga eksirei, na pafu la kulia likaonekana jeupe mahali palipotakiwa kuwa peusi. Daktari alichoma sindano ndefu kati ya mbavu akitarajia usaha. Ikatoka damu. Hapo akasema huu si kifua kikuu, ni uvimbe, na mtoto apelekwe Kampala. Watu wa kando ya ziwa waliijua safari hiyo. Watoto waliovimba taya mpaka meno yakalegea walikuwa wamepelekwa huko, na baadhi yao walirudi na nyuso zao za kawaida. Benta akapanda meli mpaka Kisumu, akapanda basi mpaka Kampala, mtoto akihema mapajani mwake kama mvukuto uliotoboka.

Kampala walimpasua kifua na kukata sehemu ya pafu. Wodi ile ilikuwa na muuguzi aliyeitwa Mellen, Mkuria kutoka upande wa mpakani, na kwa kuwa Benta hakujua Kiganda wala Kiingereza, yeye ndiye aliyemfafanulia maneno ya daktari kwa Kiswahili.

"Mama Japheth, sikiliza vizuri. Daktari anasema ugonjwa wa taya anaujua. Huu wa pafu, kwa mtoto, ni nadra. Amewahi kuuona kwa mtoto mwingine mmoja tu."

"Huyo mwingine yuko wapi?"

Mellen alivuta kiti, akaketi karibu naye. "Uvimbe wote aliouona ameutoa. Lakini uvimbe huu hutupa mbegu. Mbegu zinakwenda na damu, na mahali zinapopenda kuota ni kwenye ubongo."

"Sasa mmempasua kifua, na ugonjwa unapanda kichwani?"

"Bado haujapanda. Tunauzuia. Dawa ni mbili. Moja ya mshipa, inazunguka mwili mzima, lakini kichwani haiingii vizuri. Ubongo una ukuta wake. Ya pili inachomwa mgongoni, kwenye yale maji yanayopanda mpaka kichwani. Hiyo ndiyo askari wa mlangoni. Daktari anaziazima kwenye ugonjwa wa taya. Hakuahidi kitu. Anasema tu kwamba mkiruka zamu, askari amelala."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mwaka uishe."

Sindano ya mgongoni ilihitaji mtoto akunjwe kama jongoo, magoti yakigusa kidevu, ili mifupa iachane. Akijinyoosha, sindano hukosa njia na kazi huanza upya. Japheth alimtambua Mellen, aliyekuwa akimshika shingo, akamchukia kwa moyo wote.

"Wewe Sista ni fisi," alimwambia. "Fisi huja kwa nyuma."

"Na wewe ni swala mwenye upara," Mellen alimjibu, kwa kuwa nywele za mtoto zilikuwa zimetoka zote. "Umewahi kuona swala mwenye upara?"

Mtoto alianza kucheka.

"Usicheke! Ukicheka tunachoma tena."

Akanyamaza, machozi yakimtoka, na tumbo likitetemeka kwa kicheko alichokizuia. Benta ndiye aliyemshika miguu. Alijifunza kuishika bila kumtazama usoni. Dawa ya mshipa ilimtapisha mpaka akatapika maji ya kijani, midomo ikatoka vidonda, na kwa siku kadhaa baada ya kila zamu alikataa hata uji. Kisha alirudi, akadai samaki, akawatukana watoto wenzake kwa lugha walizomfundisha wao wenyewe. Zamu baada ya zamu, picha za kifua zilitoka safi. Kila zamu, maji ya mgongo yalitoka safi.

Hayo yalikuwa yakiendelea Kampala. Rongo, mambo mengine yaliendelea.

Mavuno yalikuwa yamekwisha na mvua za masika hazijaanza. Huo ndio wakati wa kufungua boma. Nicanor alimwita mzee Javan, mdogo wa marehemu baba yao, ambaye ndiye angetangulia siku ya kuhama. Wakakaa karakanani, mzee juu ya gogo la fuawe.

"Baba mdogo," alisema Nicanor, "mwambie huyu. Mimi nikitangulia, watu watasema nimemzika kaka yangu akiwa hai. Nisipotangulia, watoto wangu watazeeka kwenye jiko la bibi yao."

Mzee Javan alimgeukia Zadock. "Mwanangu, kuna njia. Mtoto wako akiwa mgonjwa, mtoto wa Nicanor atashika shoka badala yake. Tumewahi kufanya hivyo kwa watu wengine. Au msubiri msimu mmoja, na mimi nitamfunga mdomo huyu mwuza samaki. Desturi ina mlango, Zadock. Wazee waliiweka kwa ajili ya watu wanaougua na kufa."

Hayo ni maneno ya mzee mwenyewe, na waliokuwapo waliyasikia. Ndiyo maana sikubali mtu yeyote aniambie kwamba Zadock alilazimishwa na mila. Mila ilimfungulia mlango na kumkaribisha apite.

"Mtoto wa mwingine akishika shoka," Zadock alijibu, "boma litakuwa la mwingine. Nitakwenda kumchukua wangu."

"Dawa yake haijaisha."

"Nitamrudisha kabla ya zamu yake. Mimi sijawahi kuvunja siku."

Alifika wodini amevaa koti la Sabato, akiwa na plau ndogo ya chuma aliyomfulia mwanawe, yenye ncha na mishikio kama plau ya kweli. Japheth aliilimia blanketi mpaka watoto wa vitanda vya jirani wakaililia. Zadock akamwambia daktari, kupitia kwa Mellen, kwamba ana shughuli ya ukoo isiyoweza kufanyika bila mtoto. Daktari hakufurahi. Alisema mtoto aende, kwa kuwa amepumzika vya kutosha baada ya zamu iliyopita, lakini arudi kabla ya zamu ijayo.

"Anasema kifua si kitu cha kuogopa sasa," Mellen alimwambia Zadock. "Anaogopa kichwa. Baba Japheth, ile sindano ya mgongo isirukwe hata mara moja."

"Sista, uliza Rongo yote. Zadock akisema Jumatano, ni Jumatano."

Mellen alipoondoka, Benta alimvuta mumewe kando ya kitanda. "Tusubiri mwaka uishe. Mzee Javan amekubali, umesema mwenyewe."

"Na akifa kabla mwaka haujaisha? Nitaingia katika boma na nani? Acha ashike shoka angali hai."

Aliyasema hayo kwa sauti ya kawaida, ya mtu anayeeleza kwa nini chuma hupigwa kikiwa moto. Japheth alikuwa macho.

"Baba," aliuliza, "shoka lipi?"

Benta alimfunga mtoto mgongoni na kutoka naye. Mellen alimfuata mpaka mlangoni. "Mama, baki hapa. Mwambie baba yake kwamba mtoto ana homa."

"Nikibaki, yeye atamchukua," Benta alisema. "Heri aende na mimi."

Siku ya kuhama watu walikuwa wengi. Mzee Javan alitangulia na fimbo yake. Japheth alimfuata, amevalishwa kaptura mpya, kichwa kikiwa na upara unaong'aa na kovu la kifuani likitoka juu ya shati. Shoka lilikuwa shoka la mtu mzima, kwa kuwa Zadock alikataa kumpa dogo. Hatua za kwanza tu lilimpindua bega. Baba yake akaweka jogoo kwapani, akainama, akavifunga vidole vya mtoto juu ya mpini, akavibana kwa mkono wake mwenyewe, na hivyo wakaenda wote wawili, mtoto akiburutwa na shoka alilodhaniwa kulibeba. Wanawake walipiga vigelegele. Kwenye lango mtoto alitapika, na mwanamke mmoja akasema kwa furaha kwamba ameacha uchafu wa boma la zamani nje.

"Nikate nini?" Japheth aliuliza.

"Usikate kitu. Shika tu."

Nyuma yao Benta alikuja na moto ndani ya kigae. Hakuimba.

Mzee Javan hakukawia. Kabla zamu ya dawa haijafika alikuja katika boma jipya, akaketi, akatazama paa na lango, akasema, "Boma limekaa. Mpeleke mtoto."

Mtu anayeitii desturi kwa kweli angeondoka kesho yake. Lakini kanuni zikishaanza kumpendeza mtu kwa sababu ya sifa zake, huwa hazimtoshi. Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha. Zadock akasema mke wa boma changa hawezi kusafiri kabla hajafungua upanzi, kwa kuwa yeye ndiye mkubwa, na mke wa Nicanor hana ruhusa ya kutia mbegu ardhini kabla yake. Benta akapanda. Kisha Zadock akasema sasa inafaa Nicanor naye ahame, na kaka mkubwa hawezi kukosekana siku hiyo. Nicanor akahama. Zamu ya dawa ilipita katikati ya mambo haya yote. Yule ambaye hakuwahi kumkosesha mteja siku yake aliikosa siku ya mwanawe, na wala hakuona kwamba amevunja neno. Neno alilompa daktari lilisikiwa na muuguzi mmoja, mbali sana. Kanuni za boma zilitazamwa na Rongo nzima. Hiyo ndiyo tofauti aliyoiona.

Tena mtoto alikuwa akinawiri. Nywele zilianza kuota, laini kama za mtoto mchanga. Alikimbia, alikula.

"Mtazame," Zadock alimwambia mkewe. "Huyo ni mgonjwa?"

"Hata wodini alikuwa hivyo kabla ya kila sindano. Tumpeleke."

"Baada ya palizi."

Asubuhi moja, Zadock akiwa karakanani, Benta alimfunga Japheth mgongoni akashika njia ya barabarani kungoja basi la Homa Bay. Wanawake wa sokoni walimwona na kifurushi chake.

"Mke wa fundi ametoroka!" mmoja alipaza sauti. "Amechoka kuvuta mvukuto!"

"Muulizeni kama ameuacha moto au ameondoka nao!"

Walicheka wakipigana mapaja. Hawakuwa wabaya kuliko wengine. Walikuwa tu watu wanaopenda kuona mwenzao akiaibika bila kuuliza anakwenda wapi. Kabla basi halijafika, Nicanor alifika na baiskeli yake, harufu ya samaki ikimtangulia.

"Shemeji, utavunja boma la kaka kabla moshi haujazoea paa? Mke akilala nje ya boma changa bila mumewe, sisi sote tunapatwa na chira."

"Mtoto anakosa dawa, Nicanor."

"Mtoto ana mashavu kama ya mpishi wa misheni. Panda nyuma."

Alimpokonya kifurushi akakifunga kwenye baiskeli, akaenda akiisukuma polepole ili Benta atembee kando yake mbele ya watu wote. Nguo za mtoto zilikuwa ndani ya kifurushi hicho, na nauli pia. Akamfuata. Nimewasikia watu wakimlaumu kwamba angeweza kupiga kelele. Labda. Lakini waliomlaumu ndio haohao waliokuwa wakicheka.

Palizi ilikuwa haijaisha mtoto alipokuja karakanani akasimama mbele ya baba yake, akafunga jicho moja, akalifumbua, akafunga la pili.

"Baba, mbona mko wawili?"

Zadock alicheka. "Basi kazi itaisha haraka."

Alidhani ni mchezo. Usiku haukuwa na shida. Shida ilikuja asubuhi, mtoto akiamka anashika kichwa na kutapika kabla hajala kitu. Kisha akaanza kutembea akielemea upande mmoja, kama mtu aliye ndani ya mtumbwi. Tonge la ugali likaanza kumdondoka mkononi. Benta alikuwa amesikia wodini dalili zote hizo zikitajwa, akamwambia mumewe neno moja tu: "Kichwa." Zadock akasema watakwenda baada ya Sabato. Ijumaa hiyo, kabla jua halijateremka, Japheth alianguka kando ya fuawe, mkono na mguu wa kushoto vikirukaruka, macho yakiangalia upande, mate yakitoka.

Hapo Zadock alikimbia. Aliacha moto ukiwaka peke yake karakanani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akasafiri siku ya Sabato, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akalala nje ya boma lake. Kanuni zote alizivunja kwa siku moja, na mbingu hazikuanguka. Zingeweza kuvunjwa tangu mwanzo.

Wodini Kampala, Mellen alimpokea mtoto mikononi mwa mama yake, akamwinua kope, akamwona ameelekeza macho mahali pasipo na kitu. Kisha akamgeukia Zadock.

"Ulisema kabla ya zamu."

"Sista, boma lilikuwa bado changa."

"Na mtoto alikuwa mzee?"

Daktari alitoa maji ya mgongo, na safari hii hayakuwa safi. Mbegu zilikuwa zimeota ndani ya ubongo, zaidi ya mahali pamoja. Alimpa dawa za kupunguza uvimbe wa kichwa, na kwa siku chache mtoto aliamka na kula ndizi. Alimpa tena ile sindano, lakini alieleza kwamba sindano hiyo ilikuwa ya kuzuia mbegu zisiote. Zilizokwisha kuota na kuwa magugu haiziwezi. Hapakuwa na mionzi pale ya kuchoma uvimbe kichwani, na mtoto hakuwa tena wa kusafirishwa. Safari hii hakuhitaji kushikwa alipokunjwa. Hakumwita mtu yeyote fisi. Mellen alimwambia mwenyewe, "Swala, fisi amekuja," akangoja, na mtoto hakugeuka.

Kichwa kilimuuma hata akawa analia kitanda kikiguswa. Shingo ilikakamaa. Mchana mmoja, jua likiingia kwa madirisha yote, alisema, "Mama, washa taa."

"Ni mchana, wewe!" mtoto wa kitanda cha pili alipiga kelele akicheka. "Ni mchana!"

"Mafuta yamekwisha," Benta alimwambia mwanawe. "Lala kwanza."

"Nenda ukanunue."

"Nitakwenda."

Akaendelea kuomba taa mpaka maneno yakamwishia. Alifariki katika wodi hiyo mwaka 1969, kabla hajatimiza miaka sita. Zadock alikuwa nje barazani na koti lake la Sabato. Alimngoja daktari mpaka akatoka, akamwomba Mellen amwulizie kama mtoto angepona endapo angerudishwa siku ile aliyoahidi.

Daktari alijibu. Mellen akatafsiri bila kulainisha. "Anasema hajui. Anasema ugonjwa huu huwashinda hata wanaofuata kila zamu. Lakini alipotoka hapa kichwa chake kilikuwa safi, na alikuwa na nafasi."

Walimzika katika boma jipya, kaburi la kwanza pale. Waombolezaji walikanyaga mahindi ambayo palizi yake ilikuwa bado haijaisha. Mzee Javan alizungumza kwa ufupi, akasema mtoto amekwenda, Mungu ampokee, na hakumtazama Zadock. Nicanor, ambaye sasa alikuwa na boma na mabati yake yalikuwa juu ya paa, alikuja akamshika kaka yake bega.

"Usilie sana, kaka. Angalau ulihama kama inavyotakiwa. Hakuna atakayesema boma lako lilifunguliwa na mtoto wa kukopa."

Baadhi ya watu waliitikia kwa vichwa. Zadock naye aliitikia. Nilipoelezwa kwamba aliitikia, nilijua kwamba hakuwa ameelewa bado.

Benta alielewa. Matanga yalipokwisha aliingia jikoni, akamwaga maji juu ya moto, akafunga kifurushi. Zadock alimsimamisha langoni.

"Unakwenda wapi? Mke hatoki katika boma lililo na kaburi bichi."

"Hiyo ni kanuni nyingine?" Benta aliuliza. "Una nyingi. Zikupikie."

Alishika njia ya Homa Bay, na safari hii hakuna aliyemfuata kwa baiskeli. Alirudi Rusinga kwa ndugu zake. Hakurudi tena Rongo, wala Zadock hakuoa mwingine. Bado anafua plau, na kazi yake hutoka siku aliyosema.

Kushika kwake kanuni kulimgharimu Japheth nafasi ya kupona, na hakuna ajuaye ilikuwa kubwa kiasi gani. Kulimgharimu Zadock mke. Na vyote viwili alivitoa kwa hiari, baada ya kuambiwa kwamba si lazima.